Kasha la bibi limetoa nguo mbili, nadhani za hariri. Mpwa anataka nizikate. Nisaidieni kabla sijashika mkasi

FundiNgamiani

Assalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo habari za kutwa. Niko Tanga, Ngamiani. Ni fundi cherehani: kanzu, vizibao, magauni ya arusi, na Januari ikifika sare za shule mpaka macho yanauma. Nguo nimeanza kuzishika nina miaka kumi na sita, lakini hizi mbili zimenishinda.

Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Bagamoyo, Dunda, akaolewa huku. Alipofariki kasha lake lilibaki kwa mama mdogo, Chumbageni, na halikufunguliwa hadi mwezi uliopita alipokuwa anahama. Chini kabisa, ndani ya shuka la merikani lililogeuka manjano, pamoja na karafuu zilizokauka, mkatoka hizi.

Ya kwanza ni kipande ambacho hakijashonwa. Upana sentimita 64, urefu mita tatu na shibiri. Mistari inakwenda kwa urefu: mpana mwekundu, wa manjano, halafu mwembamba wa nili. Ndani ya mwekundu mna vichwa vya mishale vyeupe, kimoja nyuma ya kingine, vimepangana kama mbayuwayu kwenye waya wa umeme. Kingo za mishale hazikukaa sawa, zina ukungu, kama mtu aliyechora kwa mkono unaotetemeka. Uso unateleza na kung'aa kama satini, ila ukiugeuza mgongo ni mkavu, umefifia, hauna mng'ao hata kidogo.

Ya pili ni kilemba, tena kirefu. Katikati mirabaraba midogo midogo, na kwenye ncha zote mbili pindo zito jekundu lenye zari iliyokwisha kushika weusi. Upana wa pindo nimeupima: vidole vyangu vinne, si zaidi. Mwisho matamvua yaliyosokotwa kwa mkono.

Mpwa wangu anaoa Mfungo Sita. Ameziona, basi hana usingizi. Ya kwanza nimshonee kizibao, ya pili niikate nusu maana akikivaa chote "ataonekana kabeba mzigo wa kuni".

Nakiri kosa langu. Ncha ya kilemba niliilowesha kwa maji ya sabuni ya unga, wekundu ukaanza kutoka. Nusu saa nzima nilikuwa nimeikandamiza na kitambaa cheupe, dua zote ninazozijua zikaisha. Kupeleka kwa dobi siwezi. Kuna mmoja wa mashine alishawahi kunirudishia joho la mteja limejikunja kama gunia la nazi, mpaka leo mteja yule akipita njia yangu anaangalia pembeni.

Kwa hiyo: ni hariri au si hariri? Imefumwa wapi? Na nikate?

HaririOG

Nina hariri og ya Dubai, elfu kumi na nane mita, rangi zote zipo. Njoo inbox, bei ya jumla unapewa.

Mzigua_mcheshi

Nguo nyekundu, kasha la bibi, karafuu, Bagamoyo hadi Tanga! Dada, hiyo ina wenyewe. Uliza kwanza ukoo kama bibi hakuwa kiti cha pepo.

FundiNgamiani

@Mzigua_mcheshi kiti pekee nilichokijua kwa bibi ni mbuzi ya nazi. Tuendelee.

MkaaDunda

Mwanangu Fundi, nimefurahi kusikia Dunda imetajwa. Mimi nipo hapa hapa Bagamoyo, marehemu baba alikuwa na duka la nguo na mimi nikalirithi, nimeuza kanga na vikoi mpaka macho yalipokataa kusoma futi ya fundi.

Usikate kwanza. Fanya hivi. Nenda ukingoni ambako nyuzi zimeshaanza kuachia, uchomoe uzi mmoja wa mtande, yaani ule unaokwenda na urefu wa nguo, na mmoja wa mshindio, unaokwenda upana. Usivichanganye. Kila mmoja uushike kwa kibano, uuchome peke yake mbali na nguo, halafu utuambie harufu na majivu. Kwa kilemba chukua uzi wa pindo na uzi wa katikati.

FundiNgamiani

Shikamoo mzee wangu. Nimefanya saa saba mchana, duka nimefunga mlango nusu, wateja wakadhani nateketeza ushahidi.

Nguo ya kwanza. Uzi wa urefu: ulijikunja ukakimbia moto, ukazimika wenyewe nilipoutoa. Harufu ya nywele zilizoungua, ile ya saluni kabisa. Ukaacha kidonge cheusi, nimekifinya kwa kucha kikawa unga. Uzi wa upana: uliwaka kama utambi, ukaendelea kuwaka, harufu ya karatasi, majivu ya kijivu mepesi, nikayapulizia yakaondoka. Nguo moja, nyuzi mbili tofauti! Sijawahi kuona. Nailoni nayo nimeichoma kwa kulinganisha, ikayeyuka ikagandia kibano, shanga ngumu kama jiwe.

Kilemba: pindo harufu ya nywele. Katikati mchanganyiko, uzi mmoja nywele, mwingine karatasi.

MkaaDunda

Marahaba. Hapo hapo nilipopataka.

Nguo yako ya kwanza ni mashru. Imefumwa Gujarat au Kutch, India ya magharibi. Jina ni la Kiarabu, shina moja na sharia, maana yake kilichoruhusiwa. Unajua hariri kwa mwanamume wa Kiislamu haifai. Sasa wafumaji wale wakatafuta mlango. Mtande wakatia hariri, mshindio wakatia pamba. Uzi wa hariri unaruka juu ya nyuzi tano au zaidi za pamba, kisha unazama chini ya mmoja tu, halafu unaibuka tena. Kwa hiyo juu jicho linaona hariri tupu, na chini ngozi inagusa pamba. Ule mgongo mkavu uliousema kama kasoro ndiyo nguo yenyewe. Yule fundi alikuwa anamkinga mvaaji na dhambi, wewe unamlalamikia hakumalizia kazi!

Mishale nayo haikuchorwa wala haikupigwa chapa. Batiki unaijua: unafunga kitambaa kwa kamba, unazamisha kwenye rangi, palipofungwa panabaki peupe. Wao hufunga nyuzi za mtande zenyewe, kabla hata uzi mmoja wa mshindio haujapita. Zikishatiwa rangi ndipo zinatandwa kwenye kitanda cha mfumi, na katika kutandwa kila uzi unasogea unywele mmoja mbele au nyuma. Ukungu wa ukingoni unatoka hapo. Wakubwa wa kazi hii ni wafumaji wa patola wa mji wa Patan, wao hufunga mtande na mshindio vyote viwili, na alama ya huku lazima ikutane na alama ya kule wakati wa kufuma. Sari moja inakula miezi. Patola nyingi zilikwenda upande wa Java na Sumatra, wakubwa wa huko wakaziweka kama urithi wa ukoo.

Mashru ilifumwa Patan pia, na Mandvi. Mandvi ndiyo inayotuhusu, kwa sababu ni bandari ya Kutch, na majahazi yake yalikuwa yanakuja na kaskazi na kurudi na kusi. Forodha ya Zanzibar yenyewe kwa miaka mingi ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Wabhatia wa huko huko Kutch. Nguo ikitoka kwa mfumi haikuhitaji kutafuta njia ya kufika Dunda, njia ilikuwa ya ndugu kwa ndugu.

Suri_wa_Pwani

Mzee kwa heshima zote, hapo kwenye kilemba usitupeleke India. Babu yangu alikuwa anasema vilemba vya mirabaraba vyenye pindo la hariri ni debwani, na debwani ni ya Maskati. Oman walikuwa na wafumaji wao, wanakaa miguu imening'inia shimoni chini ya mtande. Kila kitu kizuri mkisemacho ni cha Banyani!

MkaaDunda

@Suri_wa_Pwani sikusema kilemba ni cha India, nilikuwa sijafika huko, una haraka kama pweza aliyeona mkuki. Babu yako amesema kweli. Debwani, subaya, sahari, ismaili, hizo zilikuwa nguo za Maskati, hariri na pamba, na zilipendwa pwani kuliko nyingi. Burton, yule mpelelezi Mwingereza, aliposhuka Kaole hapa mwaka 1857 kwenda maziwani aliziandika. Anasema nguo za rangi ziliitwa nguo za majina. Merikani na kaniki zilikuwa chakula cha safari, za kununulia mtama na kulipia wapagazi. Ila ukifika kwa mtemi anayetaka hongo ya kweli, kaniki hazifungui njia. Anaitaja nguo kwa jina lake, na kama huna utakaa hapo siku tatu mkibishana huku chakula kinaisha.

Ndiyo maana Bagamoyo palikuwa na watu wanaojua nguo kama daktari anavyojua dawa. Sewa Haji Paroo, yule ambaye jina lake liko kwenye wodi ya Sewahaji pale Muhimbili, alizaliwa 1851, na Stanley alipokuja 1871 kutafuta msafara wa kumfuata Livingstone alikuta kijana huyu tayari anapatana wapagazi na nguo. Ukikosea mashada ya shanga, ukachukua za rangi ambayo Ugogo imeshaichoka, umebeba mzigo wa bure kwenye vichwa vya watu. Na vipimo vyao bado mnavyo: shuka mikono minne, doti mikono minane. Ukienda sokoni leo ukasema nipe doti ya kanga unazungumza lugha ya misafara.

Sasa pindo. Fundi amesema vidole vinne. Nilipoisoma hiyo nikaweka simu chini, nikamwita mke wangu. Katika hadithi ya Sayyidna Umar, mwanamume amekatazwa hariri isipokuwa mahali pa vidole viwili, au vitatu, au vinne. Aliyefuma pindo la kilemba chako alijua kipimo chake, hakuzidisha hata ukucha. Pindo la namna hiyo tunaliita taraza, na kulifuma ni kutarizi. Pwani hii walikuwapo watu ambao kazi yao ilikuwa hiyo tu: wanapokea nguo imeshafumwa ng'ambo, wanaitia taraza ya hariri na matamvua, ndipo inaingia sokoni kwa bei nyingine. Litazame vizuri pindo lako linapoungana na nguo, Fundi. Rangi ya nyuzi ni ile ile ya katikati?

FundiNgamiani

Subhanallah. Nimeligeuza chini ya taa ya cherehani na miwani ya kusomea. Mtande wa katikati unaingia ndani ya pindo, lakini mshindio umebadilika ghafla: wekundu mwingine, umekaa mzito zaidi, na kwenye kona moja kuna kifundo. Kifundo kidogo cha mtu aliyeunga uzi uliokatika. Mfumaji wa nguo nzima hana kifundo hata kimoja, nimetafuta mita zote. Huyu wa pindo ni mtu mwingine.

Swali la kijinga sasa, msicheke. Brokedi ninazoshona kila wiki maua yake yamekaa makali kama yamekatwa kwa wembe, na bei yake haifiki hata robo ya kazi mnayoisema. Hao wanafungaje nyuzi?

Mwana_wa_Kompyuta

Hawafungi chochote, dada. Hiyo najua kwa sababu ya masomo yangu, si ya nguo.

Ili ua litokee katikati ya kitambaa lazima uinue nyuzi fulani tu za mtande, kila mstari wa mshindio nyuzi tofauti. Zamani China, Uajemi na baadaye Italia na Ufaransa kila uzi ulifungiwa kamba, na mtoto aliketi juu au pembeni ya kitanda cha mfumi akizivuta kamba kwa zamu anayoambiwa. Mchana kutwa. Lyon, mji wa hariri wa Ufaransa, walijaribu kumwondoa mtoto huyo: Bouchon mwaka 1725 alitumia karatasi yenye matundu, Vaucanson akaja na yake, halafu 1804 Joseph Marie Jacquard akakamilisha mashine inayosoma kadi za matundu. Penye tundu sindano inapita na uzi unainuka, pasipo na tundu haupiti. Kadi moja kwa mstari mmoja wa mshindio. Picha ya Jacquard mwenyewe ilifumwa kwa hariri na ilitumia kadi 24,000, na Charles Babbage, anayetajwa kwenye kila kitabu cha kompyuta, alikuwa nayo moja nyumbani.

Kwa hiyo brokedi yako imefumwa na kitukuu cha mashine ile. Wafumaji wa Lyon hawakuifurahia, na mwaka 1831 waliingia barabarani, ingawa ugomvi mkubwa siku ile ulikuwa bei ya kulipwa kwa kipande.

MwalimuPangani

Naongeza neno moja tu, najua nasema hivyo kila mara.

Msiwahesabu wazee wa pwani kama wanunuzi na wapamba pindo. Mwanzoni mwa miaka ya 1500 Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba Waislamu wa Sofala, Msumbiji ya leo, walikuwa wanachukua nguo za rangi za Cambay, bandari ya Gujarat, wanazifumua uzi kwa uzi, halafu wanazifuma upya pamoja na pamba yao nyeupe. Wao rangi ile hawakuwa nayo, basi wakaichomoa kwenye nguo ya mwenzao. Na Pate, kisiwa cha upande wa Lamu, ilisifika kwa nguo za hariri. Padre Monclaro aliyepita pwani mwaka 1569 anasema zilifumwa huko, na Wareno wakawa wanazichukua kwenda kuziuza miji mingine ya pwani. Uzi ulitoka ng'ambo, mforosadi, mti ambao majani yake hulisha viwavi wa hariri, haukuota Pate, lakini mkono ulikuwa wa Pate. Kile kifundo cha Fundi kina ukoo.

Na la pili (niliahidi moja, samahani). Kitabu chenu kinaanza na dibaji. Neno hilo asili yake ni dībāj ya Kiarabu, iliyotoka Uajemi, na maana yake ni hariri iliyofumwa kwa nakshi. Ukurasa wa kwanza ulipambwa kama nguo, ukaitwa kwa jina la nguo. Nimesahihisha insha miaka thelathini na mbili kabla ya kulijua hilo.

Mzigua_mcheshi

Nimekuja kucheka nimebaki kusoma. Fundi, unakata au hukati? Mpwa anasubiri.

Suri_wa_Pwani

Asikate. Ziwekwe kwenye kioo, zipelekwe makumbusho.

MkaaDunda

Mimi nitasema kinyume na mtakasirika. Kilemba kisikatwe, hilo sina mjadala nalo, kirefu ndiyo sifa yake na huyo bwana harusi atafutiwe mzee wa kumfunga, si YouTube. Lakini mashru ilifumwa ili ikatwe. Ilikuwa nguo ya vizibao, ya suruali, ya bitana za majoho. Yule aliyeinunua Dunda akaikunja na kuiweka alikuwa na mtu moyoni wa kumshonea, hakufika. Kama uzi bado una nguvu, shona. Ila hariri ya zamani hufia kwenye kunjo. Ifungue yote, uiangalie kwenye mikunjo.

FundiNgamiani

Nimeitandika juu ya kitanda, shuka jeupe chini, madirisha nimefunga upepo usiniletee vumbi la barabara. Mzee umesema kweli. Ilikunjwa mara nane, na kila kunjo hariri imekatika, pamba peke yake imebaki imeshika kama mifupa. Ukiivuta kidogo inalia. Ila kati ya kunjo na kunjo ni nzima, nimeifinya, nimeijaribu kwa pini, inarudi.

Kila kipande kizima kina sentimita kama 38. Mbele ya kizibao cha yule kijana, kifua 92, inataka vipande viwili vya kimo cha sentimita 56, na wote mnajua 38 haizai 56. Usiku mzima nimechezea karatasi za patani. Mwisho nimepata hivi: mabega na kifua, pale panapoonekana, mashru. Chini ya hapo nimeunga kwa mshono unaopita ndani ya mstari wa nili, hauonekani mpaka uambiwe. Mgongo satini nyekundu ya kawaida, maana utakuwa ndani ya joho. Bitana sikutia mbele. Pamba ya ndani si ipo tayari?

Vilivyobaki vimekwenda kwenye karatasi laini, nimeviviringisha kwenye bomba la plastiki lililofunikwa kwa merikani ile ile ya bibi, hakuna kukunja tena. Kilemba nimekipepea tu kivulini, doa la sabuni limebaki. Mama mdogo amesema tutalificha kwenye kunjo la nyuma ya sikio.

Mpwa amekuja kujaribu jana jioni. Kasimama mbele ya kioo, hakusema kitu, halafu akauliza kama akitoka jasho itaharibika. Nimemwambia asicheze mduara.